Unga Yenye Tulishakula

Kazi tatu, tarehe 15 mwezi wa kumi

Nilimwangia shamba mayi mbele ya jua kutoka. Ndobo ishirini na ine. Mugongo inalia. Muto imepunguka, mvula bado, lakini mayi iko safi, unaona mawe chini. Mungu aksanti.

Lenga-lenga yote iliisha ku soko mbele ya saa ine. Sasa bantu bananunua kwangu juu ya jina. Mama mumoja alisema: "Mama Minisitre, ongeza kidogo basi, guvernema haiwezi kukosa majani!" Nilicheka. Nilimuongezea fungu muzima.

Miezi tatu tangu Béa, mutoto yangu wa kwanza, alipata kiti kule Lubumbashi. Minisitre wa environnement wa province. Minye nilifika mwaka ya tano ya primaire, nikaachia pale. Yeye anakaa mu ofisi yenye iko na bendera.

Chama yao ni kachama kadogo, ya mayi na miti. Bantu yao bote banaingia mu minibus moja na fasi inabakia. Chama kubwa ilibaita batawale pamoja. Papa Béa, bwana yangu, alisema: muntu akikualika kwake, njo yeye anachagua mboga. Siku ile nilimuambia anyamaze. Leo neno ile ilinirudilia ku shamba.

Niko na woga kila siku. Woga na furaha, byote mu tumbo moja.

Siku ya posho, tarehe 18

Mon père, padri wetu, alikubali. Misa ya aksanti juu ya Béa, siku ya Mungu tarehe 26. Bamama ba shirika yetu, nyumba zote za avenue zenye zinasali pamoja, ndio batapika. Niliogopa juu ya unga. Mahindi ya mwaka jana iliisha, ya mupya bado hata kupandwa. Huu mwezi kila nyumba inapima bukari na jicho.

Kisha ku saa tisa jeep ilisimama ku mulango. Bwana mumoja, Monsieur Patrice. Wa ile Kampani ya mupya yenye inajenga usine, kiwanda yake, kule juu ya muto. Bataosha mawe ya cuivre, ya shaba, na asidi. Bijana bote ba kwetu banangojea kazi kule. Alivua kofia. Aliniita "Maman" sawa mutoto wa nyumba. Kampani ilisikia habari ya misa, itatuma masaki kumi ya unga.

Masaki kumi! Nilisema aksanti mpaka sauti ilikauka.

Sikuuliza Béa. Kuuliza nini? Unga ni unga.

Kazi mbili, tarehe 21

Béa alipiga telefone. Sauti ya kuchoka. Iko na kartasi moja ku meza yake, inamunyima kula. Kampani moja inataka kuchimba basini, shimo kubwa ya kumwangia mayi yenye ilishaosha mawe. Inataka kuichimba ku kichwa ya muto yetu. Béa asipotia sinyatire, asipoandika jina yake, haiwezi. Yeye anataka kwanza mayi ipimwe, bantu ba kujua baangalie mayi ya shimo itapita wapi. Chama kubwa inamuambia asichelewe.

Alitaja jina: ile Kampani ya Monsieur Patrice.

Nilinyamaza. Unga ilikuwa ilishafika, iko mu depo ya mon père. Ningesema nini? Nilimuuliza kama alikula.

Niko muoga. Ninaandika hivi juu hakuna mwenye atasoma.

Siku ya Mungu, tarehe 26

Misa ilikuwa ya kuliza. Tulicheza na matoleo mpaka ku altare. Mandizi, kuku mbili, sabuni, bougies. Papa Béa alivaa koti yake ya ndoa, inamubana, alikataa kuivua. Wakati ya kusema jina ya mutoto wangu mu maombi, nilishika koti ya Papa Béa. Nani minye, Mungu, mpaka unifanyie hivi?

Béa hakuwako. Barabara ya Lubumbashi ilifungwa na camion yenye ilianguka. Alikuwa njiani.

Kisha misa, mu kiwanja ya kanisa, Monsieur Patrice alisimama. Alipangisha masaki mu mustari, jina ya Kampani na rangi nyekundu inaangalia bantu. Aliongea muzuri. Na minye nilifanya vile mama yangu alinifundishaka: muntu akikupa, unapokea na mikono mbili, unapiga magoti chini, unapiga makofi pole pole, kichwa chini. Nilipiga magoti mbele ya masaki. Bamama bakapiga vigelegele. Nilisikia furaha ya kweli. Sitadanganya.

Béa alifika bantu banakula. Aliona masaki ya wazi imekunjwa ku ukuta. Alisoma. Alikumbatia kila mama, alicheka na wote, aliomba radhi ya kuchelewa.

Alikula maharagi na samaki. Bukari hakugusa. Nilimuona.

Kazi moja, tarehe 27

Picha iko mu telefone ya bantu bote. Mama Odia, jirani wangu, alinileteya ya kwake niangalie. Minye chini. Magoti mu vumbi. Masaki pa mbele, na Monsieur Patrice anasimama sawa askofu. Chini bameandika: Mama wa Minisitre anashukuru Kampani.

Mama Odia alisema nimependeza, pagne inaonekana vizuri.

Papa Béa aliangalia muda murefu. Halafu: "Ile haikuwa zawadi, Mama Béa. Ile ilikuwa mulambu." Zamani kwetu, mwenye iko na maneno ya kuamulisha alitumaka mulambu kwa chef, mukubwa wa kijiji, kwanza. Kuku, mbuzi, pombe. Chef akikula, alishasikia. Hawezi kukataa tena na kinywa yenye mafuta.

Na tulikula. Wote. Hata mbwa ya catéchiste.

Kazi tatu, tarehe 29

Béa alipiga. Jana, mu mukutano ya baminisitre, aliomba tena mayi ipimwe mbele ya sinyatire. Mukubwa mumoja wa chama kubwa alitoa telefone, akapitisha picha ku meza. Akasema: "Excellence, unajichokesha juu ya nini? Mama yako alishatia sinyatire na magoti."

Bote balicheka. Béa pia alicheka, anasema, juu angelia ingekuwa mubaya zaidi.

Alinifasiria vile mambo iko. Akikataa, chama kubwa itasema mashukuru iko wapi, mulikula ya Kampani. Akitia sinyatire, bantu yake ba mayi na miti batasema aliuzishwa juu ya bukari. Akitoka mu guvernema, bataweka muntu mwingine, na ule atatia sinyatire siku ile ile. "Tukibakia, tunaharibu sisi wenyewe. Tukitoka, bengine banaharibu bila sisi. Njo hivi, Maman."

Nilimuambia nilijua. Kwamba siku ile ya telefone nilijua, na nilinyamaza.

Kisha: "Haiko kosa yako, Maman."

Afazali angenitukana.

Kazi ine, tarehe 30

Presha iko juu. Infirmière alinigombeza, alinipa dawa, alinipa na andazi. Mungu abariki mikono yake.

Nitaandika kweli. Ninataka Béa abakie na kiti. Ninapenda kuitwa Mama Minisitre. Ninapenda vile polisi ananipitisha barabara. Nilizaa batoto tano, nikazika mbili, na huyu mumoja alipanda. Ninaomba kila asubui: Mungu, linda kiti yake. Sijaombaka juu ya muto hata siku moja. Na muto njo ilimusomesha. Lenga-lenga, sombe, matembele, mafungu kwa mafungu, mpaka université.

Mangaribi kidogo Mama Odia alikuya. Hakukaa. Trésor, kijana wake, iko nachimba mawe kule Kamatanda, mu mashimo, mita makumi chini na kamba. Kampani ilimuahidi kazi, na casque ya kichwa, na viatu. "Mama Béa, uongee na mutoto. Atie sinyatire. Weye uko na shamba. Minye niko na Trésor."

Nilimusindikiza mpaka ku mulango.

Siku ya posho, tarehe 1 mwezi wa kumi na moja

Watakatifu wote. Kisha misa, shirika ilikutana kwangu. Tulisoma injili, tuliimba. Kisha nikasimama. Nilibaambia yote. Kartasi, basini, muto, telefone ya Béa, vile nilinyamaza. Nilisema: unga ile turudishe.

Halafu Mama Kapinga, mwenye hana haya, akasema: "Turudishe namna gani, Mama Béa? Iliingia mu tumbo, ikapita mu tumbo, ikatoka. Unataka tubapelekee nini?"

Tulicheka mpaka kulia. Hata minye. Ilikuwa siku nyingi sijacheka.

Kisha mumoja akasema muzigo haiko yangu peke, kila muntu alikula. Mwingine akasema bwana wake atamupiga akitoa unga huu mwezi. Mwingine akasema Kampani ni kazi, tuache ujinga. Baligombana. Mama Odia alisimama akatoka bila kuaga.

Nilisema sitalazimisha muntu. Mwenye atapenda, alete unga ya kwake, kadiri anaweza. Minye nitaanza.

Béa sikumuambia. Tena ninanyamaza. Lakini hii kimya iko tofauti, ninafikiri.

Kazi moja, tarehe 3

Nilitia basani yangu ya kwanza ya unga mu saki. Unga yenye nilichunga mpaka mavuno. Saki ilibakia sawa haina kintu.

Papa Béa aliangalia. Alienda nyuma ya nyumba, alirudia na unga yote ya mwezi, yenye tulikuwa tulishanunua. Aliimwanga. Alisema sasa tutakula viazi, viazi haijauaka muntu. Halafu alienda kusikiliza mupira ku radio.

Miaka makumi ine na mwanaume huyu. Sijue kama nilishamushukuru muzuri.

Kazi tatu, tarehe 5

Banakuya. Mumoja mumoja, basani ku kichwa, kitambaa juu, sawa banapita tu. Bengine bako na babwana ba kukataa, banapitia nyuma. Mama Kapinga alileta basani mbili. "Moja yangu, moja ya tumbo yangu, ilikula zaidi."

Mujane wa ku kona alikuya na kopo. Kopo moja ya maziwa ya poudre, imejaa unga mpaka juu, ameisawanisha na kidole. Iko na bajukuu ine mu nyumba. Nilitaka kumurudisha. Aliniangalia namna moja, nikajua nikikataa nitamufungia mulango ya kanisa.

Nilipiga magoti. Mikono mbili. Nilipiga makofi pole pole.

Hii mara nilijua ninashukuru nani.

Kazi ine, tarehe 6

Masaki tisa na nusu. Haifike kumi. Tulikung'uta mabasani, tulikung'uta mapagne. Tisa na nusu.

Tulikuwa tunazunguka masaki, hakuna mwenye anajua kuifunga vizuri, tulianza kuivuruga na kamba ya plastiki. Mulango ikafunguka. Mama Odia. Mu mukono sindano ile kubwa ya kushona masaki, na uzi.

"Minye sitoe unga," alisema. "Musiniangalie hivi. Sitoe. Mutoto wangu iko mu shimo." Akakaa chini, akavuta saki ya kwanza. "Lakini munafunga masaki sawa bantu hawajaonaka depo. Mutatupatisha haya ku geti ya Kampani na masaki ya kumwangika."

Alishona yote tisa na nusu. Mushono ya nguvu, ya kunyooka. Nilimupa chai, alikunywa.

Nilitaka kumuomba radhi. Nilishika uzi.

Kazi tano, tarehe 7

Tulienda. Bamama kumi na saba, chariot mbili za kusukuma, na Papa Béa mbele na koti yake ya ndoa. Jua kali. Bantu bakauliza ni mazishi ya nani.

Ku geti, sentinelle hakujua afanye nini. Alisema hana ruhusa ya kupokea. Tulisema hatuombe ruhusa, tunarudisha. Aliita ndani na radio. Tulingojea. Mama Kapinga alianza wimbo ya Maria, sentinelle akavua kofia, ni mukatoliki, maskini.

Monsieur Patrice alitoka. Hakuniita Maman. Aliuliza nani ametutuma. Tulijibu: tumbo yetu.

Nilikuwa nimejifunza maneno mu njia yote. Nilisema: "Monsieur, mulitupa unga, tukakula, ilikuwa tamu, aksanti. Leo tunabarudishia. Sasa hatuna maneno kati yetu. Mutoto wangu aangalie kartasi yenu na macho yake mwenyewe." Nilisema nikisimama.

Alisema hapa haiko depo ya chakula. Tulishusha masaki ku geti, mu mustari, sawa vile alipangaka yake. Tukageuka.

Kijana mumoja wa avenue alipiga picha. Mbele ya tufike nyumba, Likasi yote, muji yetu, ilishaiona.

Miguu inawaka. Nilikula kiazi moja. Mungu aksanti juu ya bale bamama. Jina kwa jina nimebataja.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Béa alipiga kisha misa. Nilijua ataniuliza kwa nini sikumuambia. Hakuuliza. Alianza kucheka. Alicheka, akacheka, kisha nikasikia haiko kucheka tena. Nilingojea. Nilimuimbia kidogo, ile ya kulalisha batoto, sijue kwa nini. Ana miaka makumi tatu na nane.

Kisha aliongea. Chama yao ilikutana jana. Mwalimu Donatien, mukubwa wa chama, mwenye alibaanzisha wote na darasa yake ya biologie, anasema babakie mu guvernema hata kama ni kumeza uchungu. Kiti moja ni kiti moja. Walishapata bintu kadogo: miti ku mashule, sokoni basiuze makala ya miti ya kukatazwa. Vijana bake banasema batoke na bafunge mulango na kishindo. Balipigiana kelele. Hakuna mwenye mubaya pale, anasema Béa. Njo inaumiza.

Kazi ine wataongea kartasi mara ya mwisho.

Nilimuuliza: weye unataka nini? Alisema hakuna mwenye alimuuliza ile tangu mwezi wa saba.

Kazi ine, tarehe 13

Ninangojea. Maharagi iliungua. Nilimwanga mayi mu shamba mara mbili, nilisahau kama nilishamwanga. Radio inasema mupira, inasema bei ya cobalt, haiseme mutoto wangu.

Nilianza kusema: Mungu, linda kiti. Nikasimama katikati. Nikasema: linda yeye. Kiti uangalie mwenyewe.

Telefone kimya.

Kazi tano, tarehe 14

Haikutiwa sinyatire.

Béa alipiga ku saa mbili ya asubui. Nilikuwa nimeshika telefone, iliruka mu mukono. Nitaandika vile aliniambia.

Mule mu mukutano balimuwekea tena maneno ya mashukuru. Alibaonyesha picha ya masaki ku geti. Alisema: "Bamama yangu balishamaliza deni yangu, tuongee mayi." Hakuna mwenye alicheka. Balibishana tangu asubui mpaka saa nane. Kisha ule mukubwa wa chama kubwa alimuita pembeni. Alimuambia: neno yako ya kupima mayi, tutaiandika mu uamuzi. Mayi itapimwa na bantu ba université, na basini haitachimbwa mbele ya majibu. Itaandikwa, hakuna mwenye ataifuta. Lakini minisitre mwenye alituvisha haya mbele ya Kampani hawezi kubakia. Chama yako ibakie, kiti ibakie ya chama yako. Weye utoke.

Aliomba dakika kumi. Alimupigia Mwalimu Donatien. Akarudi, akasema: andikeni kwanza, nisome. Baliandika. Akasoma mara tatu. Kisha akaandika barua ya kutoka.

Aliuzisha kiti juu ya mustari moja. Njo vile alisema: "Mustari moja, Maman. Ni muzuri, lakini ni moja."

Nililia. Kwanza juu ya kiti, nitasema kweli. Kisha nikapangusa uso, nikaenda kumuambia Papa Béa. Aliondoa kofia, akairudisha. Alisema: "Huyu alitoka kwangu," akaenda kuambia majirani.

Siku ya posho, tarehe 15

Mwalimu Donatien alipiga telefone. Yeye njo atakaa mu kiti ya Béa. Aliongea Kiswahili ya heshima sana, alinizunguka, alinizunguka, kisha akasema: "Mama, nilichukua fasi ya mutoto wako na mikono inaniuma." Alisema ule mustari atauchunga.

Nilikuwa na hasira tayari mu kinywa. Nilisikia vile anapumua. Ni muzee, iko peke yake mule sasa na bantu ba chama kubwa. Nilimuambia akule vizuri, na akichoka asimame, asikubali kuongea akiwa amekaa chini yao. Alicheka. Aliniambia aksanti.

Sijue kama atauchunga. Ninaomba apate nguvu.

Kazi moja, tarehe 17

Ku soko mama mumoja aliita "Mama Minisitre!" mwingine akamukanyaga muguu. Nilibaambia ni Mama Béa tu, njo jina yenye nilizoea. Fungu moja iliuzika kwa taabu. Bijana ku kona hawakunisalimia. Kazi ya Kampani imesimama mpaka majibu ya mayi, na kila muntu anajua juu ya nani.

Trésor alishuka tena mu shimo kule Kamatanda. Mama Odia alipita mbele yangu na ndobo. Nilimusalimia. Alijibu na kichwa. Ni mingi. Ningekuwa yeye, singejibu. Ninamutaja Trésor kila asubui sasa, mbele ya batoto yangu mwenyewe.

Mvula ya kwanza ilinyesha ku saa kumi. Tulipanda mahindi.

Kazi mbili, tarehe 25

Béa alirudia siku ya posho na bus, sanduku moja na maua mu ndobo. Alilala siku mbili. Nilikuwa naingia kuangalia kama anapumua, sawa wakati alikuwa kadogo. Papa Béa alinikataza. Na yeye alikuwa naingia, nilimukamata.

Leo alitaka kuenda na minye ku shamba. Tulikuta bijana mbili ba université ku muto, na machupa kadogo na kitabu. Banaingiza chupa mu mayi, banaifunga, banaandika. Mumoja alimujua Béa, alianza "Excellence". Alisema Béa inatosha. Alibaonyesha fasi yenye muto inatulia, njo kule alioshaka vyombo akiwa mutoto. Majibu kisha wiki sita. Hakuna mwenye anajua itasema nini. Balienda na machupa yao mu sanduku, pole pole, sawa banabeba mayai.

Tulikata lenga-lenga. Mikono ya Béa ilipata malengelenge mbele ya saa tatu, anaificha.

Wakati ya kurudi alitaka kubeba basani ku kichwa. Alisahau namna. Alishika na mukono moja, kisha mbili, majani inamuangukia ku mabega, mayi inamumwangikia ku shingo. Mama mumoja mu njia alisema: "Béa, karibu ku nyumba." Basi.

Nilitembea nyuma yake, nikiokota majani yenye inaanguka. Miaka yote nikitembea ninaombaka: ile, na ile, na ile. Leo sikuomba kintu. Nilisema aksanti tu, mpaka ku mulango.